Mwani wa Daktari Mdogo

Inspekta alikuwa na kawaida moja ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Kila asubuhi, kabla kituo hakijachangamka, alifungua dirisha la ofisi yake, akamimina chai aliyotoka nayo nyumbani, akainywa amesimama huku akitazama watu wakipita barabarani. Alimchagua mmoja, akamsindikiza kwa macho mpaka kona. Hakuwa akimshuku. Ilikuwa tu namna yake ya kuianza siku akiwa na mtu.

Alihamishiwa mji ule mwanzoni mwa mwaka, na masanduku mengine sebuleni kwake yalikuwa bado hayajafunguliwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alipewa siku ile ile ya kwanza. Kilichochelewa ni wenyeji.

Asubuhi hiyo alikuwa amemchagua mama mmoja aliyebeba kiti kichwani. Mama hajafika nusu ya njia, mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Afande," Koplo alisema, akijizuia kucheka. "Kuna mtu ameibiwa maji machafu."

"Nani?"

"Mhadhiri wa chuo kikuu. Nimemuuliza rangi ya mali, akasema kijani. Sasa afande, kama ni maji ya kijani, nyuma ya mahabusu tuna mtaro mzima. Si tumpelekee ndoo, yaishe?"

"Amesema nini tena?"

"Hakusema. Analia tu, kama amefiwa."

Inspekta aliweka kikombe chini. Mama mwenye kiti alikuwa ameshapotea.

"Washa gari," alisema. "Mtu halii hivyo kwa maji."

*

Maabara ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la sayansi. Chumba kirefu, meza za saruji zilizoliwa na tindikali, sinki zenye michirizi ya kutu, makoti meupe yakining'inia mlangoni kama watu waliochoka. Ukutani palikuwa na rafu, na juu ya rafu taa ndefu iliyokuwa bado inawaka. Chini ya taa hapakuwa na kitu, ila duara moja safi katikati ya vumbi.

Mlalamikaji alikuwa amesimama mbele ya duara hilo kama anayelilinda. Alikuwa binti mwembamba aliyevaa miwani yenye mkono mmoja uliounganishwa kwa gundi. Wanafunzi walimwita Daktari Mdogo, kwa kuwa katika idara ile Profesa aliyemfundisha alikuwapo bado, na hakuna aliyethubutu kumlinganisha naye. Jina la utani likamganda.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," Inspekta alisema. "Kimeibwa nini?"

"Mwani. Ni mimea midogo sana, huwezi kuiona mmoja mmoja bila hadubini. Ikiwa mingi ndipo unaona maji ya kijani. Huu wangu unakula risasi."

Koplo aliinua kichwa haraka. "Risasi?"

"Madini ya risasi. Yanayotoka kwenye betri za magari."

"Aa," Koplo alisema, akarudi kuandika kwa huzuni kidogo.

Daktari Mdogo alipangusa macho kwa mkono wa koti. Alieleza kwamba nyuma ya karakana za betri maji hubaki na sumu, na watoto huyachezea. Alianza na mwani wa bwawa la kawaida. Akautilia sumu kidogo. Mwingi ukafa, akaulea uliobaki. Akaongeza sumu, akaulea tena uliobaki. Kizazi baada ya kizazi, mpaka akapata mmoja ulioifyonza sumu ile na kunenepa.

"Ujana wangu wote umo kwenye ile chupa," alisema.

"Na aliyeichukua atapata nini?"

"Sijui atapata nini. Najua nitakosa nini." Alivuta pumzi. "Kuna ufadhili wa utafiti kwa wahadhiri chipukizi wa sayansi na uhandisi. Anayeupata anapewa maabara yake, vifaa, wasaidizi, na anaondolewa mzigo wa kufundisha ili atafiti tu. Hapa chuoni tumebaki wawili. Jopo linakuja kesho kutwa kuona kazi kwa macho yao."

"Waambie umeibiwa. Uombe tena mwakani."

"Hakuna mwakani. Masharti ni kwamba mwombaji asiwe amepitisha muda fulani tangu apate uzamivu. Muda wangu unaisha mwaka huu. Mlango ukifungwa, umefungwa. Nitafundisha kumbi zilizofurika na kusahihisha mitihani mpaka nizeeke, na wale watoto wataendelea kuchezea maji."

Inspekta alitazama kitasa. Hakikuvunjwa. "Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Profesa. Mhandisi, mwenzangu katika mchujo, maana maabara tunatumia pamoja. Na mlinzi wa jengo."

"Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Ijumaa jioni. Leo nimefungua mlango, nikasema 'habari za asubuhi' kama kawaida yangu..." Alinyamaza, akaona haya. "Huwa nausalimia."

Koplo alitaka kusema kitu. Inspekta alimtazama, Koplo akayameza maneno.

Alama za vidole zilikuwa tele, za kila mtu, moja juu ya nyingine. Hazikuwa na faida. Inspekta akainama chini ya rafu, akaona soketi tupu.

"Hapa palichomekwa nini?"

"Pampu ya hewa. Ndogo, kama ya tangi la samaki. Mwani mwingi hivyo ukikosa hewa unakufa. Hewa yenyewe inapita kwenye mpira, kisha kwenye kichujio, isiingize vijidudu. Vyote vimechukuliwa."

"Ni ghali?"

"Pampu? Hata kidogo."

Inspekta alisimama akipangusa magoti. "Hukuweka akiba mahali?"

"Sote tunaweka. Hapa kwetu ni desturi, akiba yako huiweki chumbani kwako. Nyumba ikiungua, isiungue na mbegu. Yangu na ya Mhandisi zilikuwa kwenye jokofu la Profesa." Alilitazama duara tupu. "Wiki iliyopita umeme ulikatika. Profesa akaniambia yangu imekufa. Nilikuwa nimgawie nyingine leo."

*

Mhandisi walimkuta ghorofa ya chini, katikati ya vipande vya zege, akivigonga kwa nyundo kimoja kimoja na kusikiliza. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kujaza chumba.

"Karibuni, nimewasubiri! Mafahali wawili hawakai zizi moja, si ndivyo mnavyofikiria? Mmoja kaibiwa, basi mwizi ni mwenzake. Pingu ziko wapi?"

"Mwisho wa juma ulikuwa wapi?"

"Jumamosi nilikuwa mshereheshaji kwenye harusi ya shemeji yangu, mji wa pili. Jumapili sikuwa na sauti hata ya kuomba maji. Video ipo. Nimecheza humo. Nawaomba msiitazame."

"Mwenzako akikosa, unapata wewe."

"Napata." Aliweka nyundo chini, na utani ukamtoka usoni. "Halafu niitwe Bahati ya Mwizi mpaka nistaafu? Yule binti nimetaka kumshinda tangu mwaka wa kwanza. Nataka sana. Ila nimshinde akiwa amesimama."

"Wengine wangetosheka kumshinda akiwa amelala."

"Basi hao hawaijui kazi hii. Sikiliza, Inspekta. Ningekuwa nautaka mwani wake, ningebeba chupa nzima ya nini? Tone moja linatosha. Nachovya kijiti, natia mfukoni, baada ya miezi nina pipa, na yeye hajui. Na ningekuwa nataka kumharibia tu, ningemwaga humo kijiko cha dawa ya kufulia. Leo angekuta maji meupe, akadhani ni ugonjwa." Alisita. "Naongea sana. Mke wangu huniambia."

"Endelea kuongea. Akiba yako wewe ina hali gani?"

"Bakteria wangu? Hawa ndio wanaoziba nyufa za zege. Wazima kama chuma. Nimewatoa kwa Profesa juzi juzi."

"Umeme haukukatika?"

"Ulikatika, lakini hata mtu hajamaliza kuoga ukarudi. Maziwa ya Profesa yalikuwa humo humo na hayakuharibika." Akashika mdomo. "Usimwambie nimesema. Kuweka maziwa kwenye jokofu la maabara kwetu ni dhambi."

Walipanda tena juu. Daktari Mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, mikono mapajani.

"Ile akiba iliyokufa," Inspekta alisema. "Uliiona?"

"Profesa alisema imekufa."

"Nimeuliza kama uliiona."

"Hapana."

"Hukuitia kwenye hadubini?"

"Hapana."

"Wewe mwanasayansi, ambaye bila shaka hata maji ya bomba huyaamini mpaka uyapime?"

Binti alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni.

"Inspekta," alisema polepole, "mimi Profesa simpimi."

*

Ofisi ya Profesa ilikuwa mwisho wa ujia. Alikuwa mzee mrefu, shati limepigwa pasi mbele tu. Aliinuka kuwapokea, akatoa vitabu kwenye kiti ili Inspekta akae.

"Mmeipata?"

"Bado. Unamfahamu mlalamikaji kwa muda gani?"

"Tangu akiwa mwanafunzi. Alikuja mwaka ule niliofiwa na mke wangu. Aliuliza swali darasani, nikakosa jibu. Nikamwambia njoo maabara tulitafute." Alitabasamu kidogo. "Hatujalipata mpaka leo."

"Huu ufadhili, ulimwunga mkono?"

"Mimi ndiye niliyemwambia aombe. Kila mwaka nilimwambia. Barua ya kumpendekeza niliiandika kwa mkono wangu, na sijawahi kuandika barua nzuri kama ile."

"Akiupata, atafanyia kazi hapa?"

Profesa aliigusa kalamu iliyokuwa mezani, akainyoosha, akaipindua, akainyoosha tena.

"Hapana. Kuna kituo cha utafiti. Mbali. Ni safari ya ndege."

"Kwa miaka mingapi?"

"Mingi ya kutosha."

"Na wewe umefurahi?"

"Nilimwambia hongera."

"Sikuuliza ulimwambia nini, Profesa."

Mzee alitazama saa ya ukutani. "Mtaniwia radhi. Kuna jambo nyumbani linanisubiri."

Aliondoka kwa hatua za haraka, koti jeupe la maabara bado amelivaa. Inspekta alisogea dirishani, akamfuata kwa macho mpaka kwenye lango. Nani anakwenda nyumbani kwa haraka namna hiyo, alijiuliza, kama nyumbani hakuna mtu?

Mlinzi wa jengo alikuwa kibandani kwake akitengeneza kandambili.

"Mwisho wa juma aliingia nani?" Koplo alimuuliza.

"Hakuingia mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Labda Profesa, lakini Profesa si mtu wa kumhesabu. Yule ni kama ngazi za jengo, yupo siku zote. Hata sikukuu tunakuwa sisi wawili, yeye juu, mimi chini." Mlinzi alicheka. "Ila siku hizi amebadilika. Tangu wiki iliyopita, mchana anakwenda kwake, anarudi anatweta. Nikasema moyoni, mzee kaoa."

"Kwa umri ule?" Koplo alisema.

"Moyo hauoti mvi, kijana wangu."

Ndani ya gari Koplo aliweka ufunguo mahali pake lakini hakuliwasha.

"Afande, mimi sielewi. Mwizi wa mwani angechukua tone. Adui angeumwagia sabuni. Huyu kabeba mzigo wote, na pampu, na kichujio. Ni mwizi gani anayeiba mbuzi na majani yake?"

"Asiyetaka mbuzi afe."

"Basi anautaka wa nini?"

"Hautaki, Koplo. Anataka tu binti asiwe nao, mpaka kesho kutwa ipite." Inspekta alifunga mkanda. "Twende kwa Profesa. Na ukifika usifanye mzaha."

*

Nyumba za wahadhiri zilipangwa mstari mmoja, na ya Profesa ilikuwa ya mwisho, baada yake ukuta. Aliwafungulia bila kushangaa. Inspekta aliomba maji ya kunywa, akamfuata mpaka jikoni.

Kwenye kichanja cha vyombo palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, vimeoshwa vizuri na kupangwa kama vinavyosubiri kukaguliwa. Inspekta alivitazama zaidi ya alivyokusudia. Kichanja chake mwenyewe, asubuhi ile, alikiacha hivyo hivyo. Yeye pia aliosha kijiko chake kwa makini mno, kwa kuwa kazi ikiisha hakuna nyingine.

Sebuleni meza ilikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa kimerundikwa majarida mpaka karibu ya dari. Ukutani, picha ya mwanamke aliyekuwa akicheka kitu kilicho nje ya picha.

Wakakaa.  Ndipo Inspekta akausikia mlio, mdogo, usiokatika, kama mtu anayenong'ona ndani ya maji.

"Unafuga samaki, Profesa?"

"Hapana."

"Birika liko motoni?"

"Hapana."

Wakausikiliza wote watatu.

"Hati ya upekuzi naweza kuifuata nikarudi nayo," Inspekta alisema. "Sipendi nirudi nayo. Nakuomba tu unifungulie."

Mzee aliitazama picha ya ukutani. Kisha akainuka, akatangulia kwenye ujia mfupi, akasukuma mlango.

Kilikuwa chumba cha kushonea. Cherehani ilikuwa imesogezwa ukutani na kufunikwa shuka. Juu ya meza ya kushonea, mbele ya dirisha lililowekewa pazia jepesi kupunguza makali ya jua, ilisimama chupa kubwa ya kioo, ya kijani iliyokolea, vipovu vikipanda ndani yake bila haraka. Kando yake palikuwa na chupa ndogo, nayo ya kijani.

Koplo alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Hii ndogo ndiyo akiba iliyokufa?" Inspekta aliuliza.

"Haikufa."

"Uliileta lini?"

"Umeme ulipokatika. Nilipata kisingizio, nikakitumia. Ndogo haina pampu, lazima uitikise kwa mkono, asubuhi, mchana na jioni. La sivyo inatuama."

"Ndiyo maana unakuja mchana."

"Ndiyo."

"Profesa, sikiliza. Huna lazima ya kusema chochote. Utakachosema kitaandikwa, na kinaweza kutumika mahakamani dhidi yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Chupa hii kubwa uliitoaje?"

"Jumamosi. Niliitia kwenye kapu, nikaifunika koti. Nilipita mbele ya mlinzi, akanipigia saluti. Nani atampekua Profesa?"

"Kama ulitaka akose, kwa nini hukuimwaga?"

Mzee aligeuka, kwa mara ya kwanza akiwa na hasira. "Kuimwaga? Mimi? Unajua imemchukua nini? Nilikuwepo! Nilimwona akilala juu ya meza ile. Mwani haujamkosea mtu."

"Yeye amekukosea nini?"

Hasira ikamwisha mara moja, akabaki mzee tu. Aliishika chupa ndogo, akaizungusha taratibu, rangi ikapanda kutoka chini kama moshi.

"Hakunikosea."

"Ulidhani mwisho wake ungekuwaje?"

"Jopo lingekuja, lingeondoka. Kisha siku moja angeikuta chupa juu ya rafu yake, kama muujiza. Tungeendelea."

"Kuendelea na nini?"

"Na kazi." Aliisikia jinsi neno lilivyokuwa dogo, akatikisa kichwa. "Inspekta, wewe una familia hapa mjini?"

"Hapana."

"Basi labda utanielewa, na labda hutanielewa, wewe bado kijana. Nikiufunga mlango huu jioni, hakuna anayejua kama mimi ni mzima. Asubuhi nikifika maabara, yule mtoto anatazama saa anasema, 'Profesa, leo umechelewa.' Basi. Katika ulimwengu wote, ni mtu mmoja tu anayejua kwamba nimechelewa." Aliiweka chupa mezani. "Nilimfundisha mpaka akawa mkubwa kuliko chumba chetu. Nilijivunia. Halafu nikahesabu viti, nikaona ni changu tu kitakachobaki."

Inspekta aliandika. Mkono wake ulikwenda polepole kuliko kawaida.

*

Binti, ambaye hakuwahi kufika nyumbani kwa Profesa, aliitwa kuja kuitambua mali yake bila kuambiwa nyumba ni ya nani. Wakati wakimsubiri, Koplo alimvuta Inspekta kando.

"Afande, kielelezo hiki tutakiweka wapi? Stoo yetu haina hata dirisha. Kesho kutwa kitakuwa uji."

"Kipige picha, kila upande. Kitakaa kwa mlalamikaji, chini ya uangalizi wake, mpaka kitakapohitajika."

"Wakubwa watakubali?"

"Ng'ombe aliyeibwa akipatikana ana ndama, unamfunga stoo? Nitatia sahihi mimi."

Daktari Mdogo aliingia akihema. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chupa kubwa, akaiinamisha kidogo, akaichungulia dhidi ya mwanga, akaweka kiganja kwenye kioo kama anayepima homa.

"Ni wangu," alisema. "Umenenepa." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Umefikaje huku? Hapa ni kwa nani?"

Hapo ndipo alipoiona cherehani, na picha kwa mbali kupitia mlangoni, na mzee aliyesimama pembeni ameshika pazia. Kisha akaiona chupa ndogo.

 Alikaa kwenye kigoda cha kushonea.

Profesa alianza kusema kwa haraka, sauti ya darasani.

"Usiitoe hapa ukaiweka moja kwa moja chini ya taa. Umezoea mwanga wa dirisha, utaungua. Anza na taa ya mbali. Kichujio nimekibadilisha. Joto la chumba hiki halipandi sana, nimelipima. Hiyo ndogo unaweza kuiunganisha na pampu sasa, imekua, na kesho kutwa uwaonyeshe zote mbili, waone kwamba..."

"Profesa."

"...kwamba mbegu inazaa vile vile, hilo ni swali watakalouliza, na jibu lake..."

"Mzee wangu. Nyamaza kidogo."

Akanyamaza. Pampu pekee ndiyo iliyoendelea.

"Siku nilipokuja kukuambia nimefika fainali," binti alisema, "nilipanda ngazi mbio. Ulikuwa ubaoni. Ukasema 'hongera', ukageuka, ukaendelea kuandika. Nilikwenda chooni nikalia. Nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe?"

"Ningejuaje? Kila mwaka, 'omba, omba.' Nikasema huyu anataka chumba chake. Nimekuwa nikifungasha vitu vyangu kidogo kidogo nisikuudhi."

"Nilikwambia uombe kwa kuwa unastahili."

"Na hii?" Alionyesha meza kwa kidole. "Hii ulifanya kwa kuwa sistahili?"

Mzee alimgeukia Inspekta, kama mwanafunzi asiye na jibu anayemtazama jirani yake. Inspekta aliiweka kalamu mezani. Tutakwenda kituoni baada ya hapa, alimwambia moyoni, na chuo kitasema lake, na mimi nitaandika kila nilichokiona. Lakini hili mjibu wewe. Akageuza uso kwenye dirisha.

"Kesi sijui itakwendaje," binti alisema. "Sijui hata kama nitakusamehe leo. Lakini siku ile ulisema hongera, na hongera siyo uliyotaka kusema. Ulitaka kusema nini?"

"Haifai."

"Sema hivyo hivyo isivyofaa."

Profesa aliliachia pazia. Mikono yake ilitafuta mahali pa kukaa, ikakosa, ikabaki ikining'inia kando ya koti.

"Usiende," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi aseme tena. "Nilitaka kusema usiende, mwanangu. Najua lazima uende. Kesho kutwa uwaonyeshe, wakupe, na uende. Lakini ndilo nililotaka kusema siku ile, nikashindwa. Usiende. Naogopa kubaki peke yangu."